Rudieni: Mke Wangu ni Mkaidi

Mji wa Sahiwal una vyuo vya Kiingereza vingi kuliko maduka ya dawa, na kila chuo kina bango lenye picha ya mwalimu aliyefunga tai na kuegemeza kidevu kwenye ngumi kama mtu anayeumwa jino. Bango la Mwalimu Inayatullah lilikuwa kubwa kuliko yote mtaani. Liliahidi kwamba maneno magumu ya Kiingereza yataingia kichwani mwa mwanafunzi na hayatatoka mpaka siku ya kiyama. Chuo chenyewe kilikuwa chumba kimoja kilichojengwa juu ya paa tambarare la nyumba yake, chenye mabenchi, ubao, na feni iliyozunguka pale umeme ulipojisikia.

Vyuo vingine vilifundisha kwa vitabu kutoka Lahore, vyenye mifano ya mabwana wa Kizungu wanaotembea kwenye theluji na mbwa wao. Mwalimu Inayatullah aliidharau sana mifano hiyo. Kijana wa Sahiwal, alisema, theluji hajaiona, na mbwa humrushia jiwe. Neno litakaaje kichwani mwake? Neno lazima avishwe mtu unayemjua. Kwa hiyo kila neno gumu alilitafutia mwenyewe humo humo mtaani. Muuza nyama wa kona akawa mfano wa ulaghai. Mwenye duka la vitambaa akawa mfano wa unafiki. Akram, kaka wa mkewe, akapewa neno la mdudu anayeishi kwa kunyonya damu ya mwenzake. Mama mkwe akapewa udikteta. Na mkewe, Bi Khurshida, kwa kuwa ndiye aliyekuwa karibu zaidi, akaenea alfabeti nzima, hadi kwenye zile herufi za mwisho ambazo hata Waingereza wenyewe hawazigusi sana: mkaidi, mlalamishi, mropokaji, mzito, mwenye kununa. Maneno ya sifa, kama mkarimu na mwenye elimu pana, Mwalimu alijigawia mwenyewe, maana hakumwona mwingine wa kuyastahili.

Namna yake ya kufundisha haikubadilika. Alitamka neno na maana yake kwa Kiingereza, akalieleza kwa Kiurdu, kisha kwa ajili ya wale wazito akalieleza tena kwa Kipunjabi, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe ng'ambo ya mfereji. Halafu akatoa mfano kwa Kiingereza na kusema, "Rudieni." Wanafunzi wakarudia kwa pamoja, wakiyumba kwenye mabenchi, mpaka njiwa wa jirani wakaruka.

Walikuwa wakijiandaa kwa mitihani ya kazi za serikali, na mtihani ule haukuuliza kama umeelewa, uliuliza kama unakumbuka. Basi walikariri kila kitu kama kilivyo, na kila kitu wakakiandika kama kilivyo. Vijana wasio na hata mchumba waliandika kwamba mke wao ni mkaidi. Wasichana nao waliandika kwamba mke wao ni mkaidi. Kijana mmoja mpole aitwaye Umair, aliyeomba kazi katika ofisi za mifereji ya umwagiliaji, aliitwa kwenye usaili na wakubwa wakamuuliza: karatasi zako zinasema hujaoa, sasa huyu mke mkaidi ni wa nani? Umair akajibu kwa adabu zote, "Ni wa mwalimu wangu, mheshimiwa." Wale wakubwa walicheka hadi chai ikawapalia, na kazi wakampa. Mwalimu naye hakupoteza muda. Picha ya Umair ikabandikwa kwenye bango, chini ya kile kidevu.

Sasa, nyumba ile ilikuwa ya zamani, na kama nyumba zote za zamani za huko ilikuwa na uwazi katikati ya paa, umefunikwa kwa nondo, ili mwanga na hewa vishuke uani. Mwanga ulishuka, hewa ilishuka, na maneno yote ya darasani yalishuka pia, moja kwa moja hadi penye jiko la Bi Khurshida. Mwalimu hakuwahi kukosa usingizi kwa jambo hilo. Mkewe aliishia darasa la nane. Alichokijua kwa Kiingereza, alivyodhani Mwalimu, ni yale maneno mawili tu ya "mke wangu", na kwa hayo alijivuna. Zaidi ya mara moja Mwalimu alimsikia akimtambia jirani kupitia ukutani.

"Mwenzio natajwa huko juu kila alasiri," Bi Khurshida alikuwa akisema. "Wako anakutaja lini?"

Mume wa jirani hakuwahi kumtaja mkewe hata kwa Kipunjabi. Na Mwalimu, akisikia hayo, hujiona ametenda wema.

Kwa hesabu ya Mwalimu, mtu pekee ndani ya nyumba aliyeelewa kila kitu alikuwa binti yao wa pekee, Sadaf, aliyesomea Kiingereza chuo cha wasichana na kufaulu bila msaada wa mifano ya baba yake. Zaidi ya mara moja alimwomba abadilishe. "Baba, huoni aibu?" Mwalimu alimjibu kwamba mifano ile ndiyo sifa ya chuo, na kwamba mtu akishavaa neno huwezi kumvua.

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi ilipokuja posa. Ililetwa na shangazi mmoja mshenga, na ilitoka kwa Umair, yule yule wa mifereji. Kijana mwenye kazi ya serikali, asiyevuta sigara, na ambaye nyumbani kwao hawakuuliza, kama ilivyo desturi ya huko, bibi harusi atakuja na jokofu gani. Watu kama hao hawadondoki kutoka mbinguni kila siku. Sadaf alipoambiwa jina alipanda darini kuanua nguo ambazo zilikuwa bado mbichi, akashuka nazo zinachuruzika maji. Mwalimu na mkewe wakatazamana, wakajua.

Asubuhi ya siku ya wageni Sadaf alimvuta baba yake pembeni. "Baba, kijana mwenyewe ana adabu, hatasema. Ila mama yake ana mambo ya Kiingereza. Nakuomba, leo usifungue mdomo kuhusu masomo. Hili jambo likivunjika kwa ajili ya mifano yako, sitakusamehe."

"Kwani mimi mtoto?" Mwalimu alisema. Lakini alijua kwamba kijana yule aliye na mifano yote kichwani ndiye aliyekuwa anakuja kukaa kwenye sofa lake.

Wa kwanza kufika alikuwa Akram, kabla hata mafuta ya samosa hayajapata moto. Alisema mjomba wa binti lazima awepo, akakaa karibu na sahani. Kisha wakaja wageni wenyewe: Umair amenyoa na kujipaka manukato kupita kiasi, babu yake, Mzee Nawab Din, mkulima wa miwa kutoka kijijini, mwenye kilemba kilichonyooka na sikio moja lisilosikia, na mama yake, Bi Rafia.

Bi Rafia alikuwa mkuu wa shule yake mwenyewe ya watoto wadogo, shule ya Kiingereza kitupu, ambako mtoto akiponyokwa na neno la Kipunjabi huvishwa kibao shingoni asimame uani. Kiingereza chake mwenyewe kilikuwa cha kuamrisha watoto: kaa chini, simama, nyamaza, vizuri sana. Kilikuwa kimemtosha maisha yote, maana katika Sahiwal mwenye kusema "vizuri sana" kwa Kiingereza hakuna anayethubutu kumuuliza zaidi.

Sadaf alileta chai, mtandio umeteremka hadi kwenye nyusi. Bi Rafia alimwangalia mikono, akamwangalia miguu, akaridhika. Samosa aliisifu. Kisha akamgeukia mama mwenye nyumba.

"Na wewe, dada, umesoma mpaka wapi?"

"Darasa la nane, dada," alisema Bi Khurshida.

"Aaa." Bi Rafia aliirudisha samosa kwenye sahani. "Mimi usinielewe vibaya. Binti yako ni lulu. Ila nawaza mbele. Wajukuu wakienda likizo kwa bibi mzaa mama, si watanirudia na Kipunjabi mdomoni? Mimi mwenye shule, sura yangu nitaiweka wapi?"

"Mama, tafadhali," alisema Umair.

"We nyamaza. Posa ni posa, lakini maneno mengine yasemwe mapema. Kuna familia moja huko Multan, mama wa binti anaongea Kiingereza mpaka na mpishi."

Sadaf akasimama pale pale na birika mkononi. Mwalimu aliona uso wa mwanawe ukipauka, akajua jambo linamponyoka. Akafungua mdomo aseme kwamba mkewe ana sifa nyingine, na akagundua kwamba hakumbuki hata moja. Miaka yote alikuwa akimtafutia kasoro tu, kwa ajili ya ubao.

Hapo Bi Khurshida akaweka kikombe chini. Akafuta vidole, akaweka mtandio sawa, akaanza kusema kwa Kiingereza.

"Mkaidi," alisema, kwa lafudhi safi ya darini, akipumzika pale pale wanapopumzika wanafunzi. "Mtu asiyebadili msimamo hata akionyeshwa kosa lake. Mke wangu ni mkaidi."

Birika likagonga trei. Umair akaingiza uso kwenye kikombe ambacho hakikuwa na chai.

"Mlalamishi," aliendelea Bi Khurshida, sauti ikizidi kupata nguvu. "Mtu asiyeridhika hata apewe nini. Mke wangu ni mlalamishi. Mropokaji. Mtu asemaye mengi pasipo haja. Mke wangu ni mropokaji."

Mwalimu Inayatullah alihisi jasho likimtambaa mgongoni. Angemkatiza vipi? Kumnyamazisha ni lazima useme kwa nini, na kusema kwa nini ni kumwambia mke wako, mbele ya wakwe, kwamba hizo anazojivunia ni kasoro zake. Akaweka mikono magotini, kama mtuhumiwa anayesomewa hati.

"Kupe," alisema Bi Khurshida. "Kidudu kinachoishi kwa damu ya mwenzake. Shemeji yangu Akram ni kupe. Dikteta. Mtawala asiyeruhusu mtu kupumua. Mama mkwe wangu ni dikteta."

Akram, aliposikia jina lake likitajwa kwa Kiingereza mbele za watu, aliketi wima na kufunga kifungo cha juu.

Bi Khurshida akanyamaza, akachukua kikombe chake. Watu wote wakamtazama Bi Rafia. Bi Rafia hakuwa ameelewa hata neno moja. Lakini alikuwa mkuu wa shule. Akatikisa kichwa polepole, akafumba macho kidogo kama mtu aliyeonja tambi tamu, akasema kwa Kiingereza, "Vizuri sana. Kaa chini."

Bi Khurshida alikuwa ameketi tangu mwanzo, lakini alishukuru.

"Dada, ulikuwa unanificha," Bi Rafia alisema. "Hiki ni Kiingereza cha juu. Hata kule Multan hawafiki hapa."

Mwalimu alianza kupumua. Jambo lingeishia hapo, na kila mtu angekwenda nyumbani na uongo wake, kama si Mzee Nawab Din kugonga fimbo sakafuni.

"Mimi nimesikia kelele tu," alisema mzee. "Kiingereza sikijui na sioni haya. Huyu mama amesema nini?"

"Baba, ukitafsiri kinapoteza utamu," alisema Bi Rafia upesi.

"Basi nipeni hicho kisicho na utamu. Meno sina, mtaniumiza nini? Umair, wewe umesoma hapa. Nitafsirie."

Umair akatoa uso kwenye kikombe. Alimtazama Sadaf, akamtazama mwalimu wake. "Babu, hii ni mifano aliyotukaririsha mwalimu wangu kila siku darasani, naye yupo mbele yangu. Nitatanguliaje kusema?"

Kwa adabu hiyo, mzigo wote ukamwangukia Mwalimu Inayatullah. Alikohoa. Akaomba maji, Sadaf akamletea, akayanywa yote. Na mkewe, bila kuombwa na mtu, akaanza upya kwa Kiingereza, polepole, sentensi moja moja, akisubiri.

"Mke wangu ni mkaidi," alisema.

"Maana yake," alisema Mwalimu kwa Kipunjabi, "maana yake ni kwamba mke wangu ni mtu wa msimamo." Alitafuta cha kuongeza, na ajabu, akakipata. "Mimi nilitaka kuuza nyumba hii ninunue viwanja kando ya reli. Alikataa. Niligomba, nikasusa kula, akakataa. Baadaye ikajulikana viwanja vile vilikuwa vya matapeli. Asingekuwa hivyo alivyo, leo mngetukuta kwenye hema."

"Enhe," alisema mzee, akisogeza sikio lile zima.

"Mke wangu ni mlalamishi."

"Mke wangu... hanyamazii kitu kikiwa hakiko sawa. Nilikuwa na kikohozi, nikasema ni vumbi la chaki. Alinisumbua asubuhi na jioni mpaka nikaenda hospitali. Daktari alisema ningechelewa kidogo tu, pafu lingekwenda."

"Mke wangu ni mropokaji."

Mwalimu aliweka gilasi chini. "Mke wangu ana maneno, na nyumba ina uhai kwa maneno yake. Alipokwenda kumuuguza mama yake, niliona kimya kikinitafuna. Nikawasha redio mbili."

Hakuwa amekusudia kusema hivyo. Alikuwa akidanganya, ndivyo alivyojua. Kila neno alilipindua kichwa chini miguu juu. Lakini redio mbili zilikuwa kweli, na kikohozi kilikuwa kweli, na viwanja vile vya matapeli hadi leo hupita karibu navyo akitazama upande mwingine.

"Na mimi?" aliuliza Akram. "Nimesikia jina langu."

"Wewe," alisema Mwalimu kwa shida, "ni mtu ambaye hatuwezi kutengana naye. Kwa damu."

Akram akatoa leso. "Shemeji," alisema, "miaka yote hii sikujua. Nilidhani unanihesabia samosa."

"Na mama yetu?" aliuliza tena Akram.

"Mama anajua kuendesha nyumba. Akiwepo, hakuna anayelegea."

"Nitamwambia," alisema Akram, machozi yakimtoka. "Masikini, yeye husema humpendi. Nitamleta akae nanyi."

Mzee Nawab Din alikuwa ameinamisha kichwa juu ya fimbo. "Mimi mke wangu alinilimia, akanizalia, akanizikia wazazi," alisema. "Hata neno moja kati ya hayo sikumwambia. Nilidhani anajua. Sasa yuko kaburini, nani atamwambia?" Akajifuta jicho kwa ncha ya kilemba. "Na huyu bwana anayasema kila siku, tena anawaamrisha vijana wa watu wayarudie mji mzima usikie. Binti wa nyumba hii ndiye tunayemtaka. Leteni cha kutia mdomoni."

Halwa ikaletwa, mzee akamlisha Mwalimu tonge kwa mkono wake, Bi Rafia akamlisha Sadaf, na posa ikawa imekubaliwa. Bi Rafia alisema yeye aliamua tangu sentensi ya kwanza. Kisha akamshika Bi Khurshida mkono. "Dada, nakuomba kitu. Uje shuleni kwangu mara moja moja, uwafundishe watoto wangu sentensi hizi hizi. Waanze wakiwa wadogo."

Mlangoni, Umair aliinama kuvaa viatu karibu na sikio la mwalimu wake. "Mwalimu, ile tafsiri ya leo. Niikariri?"

"Ikariri," alisema Mwalimu.

Wageni walipoondoka, na Akram naye kuondoka na samosa zilizobaki ili akampelekee mama yake habari njema, Mwalimu alikwenda uani. Mkewe alikuwa amechuchumaa penye bomba akiosha vikombe. Juu yao anga lilionekana katikati ya nondo. Mwalimu alijiona mwepesi, hata akacheka.

"Umetuokoa, Mama Sadaf. Na wala hukujua ulichokuwa ukisema."

Bi Khurshida hakuinua kichwa. "Mkaidi," alisema. Safari hii alisema kwa Kipunjabi. "Ni mtu asiyebadili msimamo hata akionyeshwa kosa lake. Kama punda aliyelala njiani, unampiga na yeye anakutazama. Mmeelewa huko nyuma?"

Yalikuwa maneno yake Mwalimu, neno kwa neno, pamoja na punda. Akatafuta kigoda, akakaa.

"Tangu lini?" aliuliza.

"Tangu ulipoanza. Unafundisha kama unaita ng'ombe, Baba Sadaf. Unaeleza kwa Kiurdu, halafu unaeleza kwa Kipunjabi, mpaka mzito wa mwisho aelewe. Basi na mimi mzito wa mwisho nikaelewa."

"Kumbe Kiingereza unakijua."

"Sikijui. Nakijua kile kilichonisema mimi, basi."

"Lakini kwa jirani ulikuwa unajitapa. Nilikusikia kwa masikio yangu."

"Ulitaka nimwambie nini?" Sasa alimtazama. "Kwamba kila alasiri mume wangu ananitukana kwa lugha ya watu, na watoto wa watu wanaitikia? Mimi nakaanga vitunguu hapa, huko juu naitwa mropokaji mara tatu, maana mara ya kwanza hawakutamka vizuri."

Mwalimu alitazama vidole vyake. Vilikuwa na chaki kwenye kucha, chaki isiyotoka hata siku ya posa. "Ungesema," alisema. "Ungesema neno moja tu."

"Nilikuwa nangoja. Nilijua huyu ana maneno mengi, siku moja atafika kwenye zuri na atakosa mtu wa kumpa. Kila ulipofika kwenye neno zuri nilikuwa nazima jiko ili nisikie." Akasuuza kikombe, akakipindua juu ya kitambaa. "Ukajipa mwenyewe. Yote."

Mwalimu akaokota kikombe kilichooshwa, akakifuta kwa ncha ya shati lake.

"Leo pale sebuleni nilijua unadanganya," alisema Bi Khurshida. "Nilikuwa nakubana tu, nikuone utakavyotoka jasho. Lakini nimeyasikia, Baba Sadaf. Na mzee wa watu kalia. Sasa nenda, unanizibia maji."

Kesho yake Akram alifika na bajaji mbili. Katika moja lilikuwemo godoro lake, katika nyingine alikuwemo mama yake, ambaye alishuka, akambariki mkwewe kwa kumpapasa kichwa, na kabla ya adhuhuri alikuwa ameshahamisha meza ya chakula na kupiga marufuku kitunguu saumu. Mwalimu angepinga vipi? Alikuwa ameshatafsiri.

Alasiri alipanda darini. Kulikuwa na kundi jipya la wanafunzi, na siku ya kwanza ya kundi jipya ilianza daima na neno lile lile. Aliliandika ubaoni. Hajamaliza kuliandika, darasa zima likapaza sauti, maana wa zamani walikuwa wameshawafundisha wapya: mke wangu ni mkaidi.

"Ngojeni," alisema Mwalimu. Alisogea hadi penye nondo akachungulia chini. Bi Khurshida alikuwa akisukuma chapati, na sauti ya kigongo chake ilikuwa ikipanda taratibu. "Futeni hiyo. Mfano umebadilika. Mwalimu wetu ni mkaidi. Rudieni."

Walitazamana wakidhani ni mtego. Msichana mmoja wa benchi la mbele aliinua mkono. "Mwalimu, kwenye mtihani tuandike hivyo kweli? Wasahihishaji wameshaizoea ile ya mke."

"Andika hivyo hivyo. Wakikuuliza ni mwalimu gani huyo, nitaje kwa jina."

Wakarudia, kwa woga kwanza, kisha kwa furaha ambayo Mwalimu aliiona imezidi kidogo. Akageuka akaandika neno la pili, lile alilolipenda kuliko yote na ambalo tangu chuo kifunguliwe halikuwahi kuvaliwa na mtu mwingine ila yeye. Akalieleza kwa Kiurdu: mstahimilivu, mtu anayebeba kizito kwa muda mrefu bila kukitua. Kisha, amesimama pale pale penye nondo, akalieleza kwa Kipunjabi, kwa ajili ya mzito wa mwisho. Huko chini kigongo kilinyamaza. Akasikia jiko likizimwa.

Yale maneno mawili ya "mke wangu", aliyoyasema maelfu ya mara kwa kelele, leo aliyasema kwa sauti ndogo sana, hata benchi la nyuma likainama ili lisikie.

"Mke wangu ni mstahimilivu," alisema.

Wanafunzi walingoja lile neno linalofuata kila mfano. Mwalimu alijaribu kulitoa, likagoma. Alisimama na chaki mkononi, akitazama ubao, na darasa likamtazama yeye.

Ndipo sauti ikapanda kutoka chini, kupitia nondo, bila haraka.

"Rudieni."